Mtoto Aogeshwe Mara Ngapi? Na Nani Amwogeshe?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila anayefuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, kina mama na kina baba,

Kuna swali huletwa msikitini mara kwa mara. Mara hulileta kijana aliyejaaliwa mtoto wa kwanza, mara hulileta mama mwenye machozi. Swali ni hili: Sheikh, mtoto anatakiwa kuogeshwa mara ngapi kwa siku? Dini inasemaje?

Ukilichimba swali hilo utakuta chini yake kuna ugomvi. Mama mkwe anasema mjukuu wake anaogeshwa mara mbili badala ya tatu. Nesi wa kliniki kasema mtoto mchanga asiogeshwe kila wakati. Mume karudi jioni, kamkuta mtoto ana vumbi, kamwita mkewe mchafu mbele ya wageni. Yupo hata mama aliyeambiwa kwamba swala zake zina walakini kwa sababu mtoto wake hanukii sabuni. Nyumba inataka kuvunjika kwa ajili ya beseni la maji!

Nitasema msimamo wangu mapema. Sheria yetu imewajibisha usafi, lakini haikumwekea mtoto idadi ya kuoga kwa siku. Idadi inafuata hali ya mtoto, hali ya hewa na maji yaliyopo. Na mwenye kutaka idadi kubwa, basi na ashike ndoo.

KWANZA: DINI IMESEMA NINI?

Mtoto ambaye hajabaleghe kalamu imenyanyuliwa kwake. Hana janaba, hana hedhi, wala hana josho la wajibu. Kumwogesha ni usafi na malezi, na mzazi mwenye nia njema anapata ujira wake kwa Allah. Usichanganye kuogesha huku na josho la ibada, ukaanza kumtia mama dhambi ambayo Allah hakumtia.

Imekuja katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kwamba ni haki ya Allah juu ya kila Muislamu aoge walau siku moja katika kila siku saba, aoshe kichwa chake na mwili wake. Tazama huruma ya dini hii. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na watu wa Madina, watu wa jua na vumbi, wengine wakivaa sufi na kutokwa jasho mashambani, na kiwango cha chini alichowawekea ni siku moja katika saba. Anayezidisha kwa haja amefanya vizuri. Lakini huwezi kuchukua mazoea ya mtaa wako ukayaita sheria ya Allah.

Hapa kuna jambo wengi hulichanganya, nalo ni najisi. Najisi haingoji siku ya saba. Mtoto akijisaidia, pale palipochafuka panaoshwa papo hapo mpaka pasafike. Lakini panaoshwa pale palipochafuka, hailazimu mwili mzima. Hata katika hilo dini imeleta wepesi. Ummu Qays bint Mihsan (r.a.) alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) na mwanawe mdogo wa kiume ambaye alikuwa bado hajaanza kula chakula. Mtoto akakojoa juu ya nguo ya Mtume (s.a.w.). Mtume akaagiza maji, akayanyunyizia pale, wala hakuifua nguo. Ndiyo maana katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na ambaye chakula chake ni maziwa tu unatosha kunyunyiziwa maji mpaka yapaenee, na wa mtoto wa kike unaoshwa. Mama aliyekojolewa asihangaike kana kwamba swala zake zimepotea. Anyunyize au aoshe, aswali.

PILI: HALI ZA WATOTO HAZILINGANI

Anza na mtoto aliyezaliwa leo. Kwetu kuna haraka ya kumwogesha kabla hata mama hajapumzika, eti uzazi ni uchafu. Shirika la Afya Duniani linashauri josho la kwanza lingoje mpaka yatimie masaa 24 tangu kuzaliwa, na pakiwa na ulazima wa kimila, basi walau masaa 6. Sababu yake inaeleweka. Mtoto katoka kwenye joto la tumbo la mama, mwili wake haujaweza kujipasha, na baridi inaweza kumdhuru. Damu inafutwa kwa kitambaa safi. Ule utando mweupe alionao mwilini ni hifadhi ya ngozi yake, si uchafu wa kusuguliwa. Wala hakuna katika dini kwamba adhana isubiri josho. Adhini mtoto akiwa amefunikwa khanga kifuani kwa mama yake. Sunna zinazojulikana za siku ya saba ni akika, kunyoa nywele na kumpa jina.

Kisha zinakuja siku za kitovu. Mpaka kikauke na kudondoka, mtoto afutwe kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, kitovu kibaki kikavu. Usitie majivu, usitie mafuta, usitie dawa ya jirani.

Mtoto wa miezi michache anayenyonya tu hachezi mchangani. Wataalamu wa watoto wanasema josho la mara tatu kwa wiki linamtosha mtoto katika mwaka wake wa kwanza, ilimradi shingo, makwapa, mapaja na sehemu za siri zisafishwe kila siku. Maji mengi na sabuni nyingi vinakausha ngozi yake. Na mwenye pumu ya ngozi ndiye anayeumia zaidi. Huyo anataka maji ya uvuguvugu, muda mfupi, sabuni laini ya kuogea, kisha apakwe mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Anayemsugua kwa sabuni ya kufulia na dodoki akidhani anaondoa ugonjwa, anauongeza.

Je, hapa kwetu Tanga, joto la Januari, mtoto anatoka jasho mpaka shuka linalowa? Mwogeshe asubuhi na jioni, hakuna ubaya. Maji yanampoza na vipele vya joto vinapungua. Lakini aliyeko Lushoto mwezi wa Julai, ukungu mpaka saa nne, usimpigie simu ukamwambia amwogeshe mtoto mara tatu kama nyinyi wa pwani. Mkoa mmoja huu, baridi na joto mbalimbali. Itakuwaje sheria moja ya ndoo iwatoshe wote?

Ama mtoto wa miaka mitano, sita, kumi, anayecheza mpira barabarani na kurudi miguu imegeuka rangi, huyo jioni aoge. Hapa ndipo nawageukia wazazi wa upande wa pili. Wapo watoto wanakuja madrasa na nguo ya jana na juzi, kichwani mapunye, vidoleni upele, na wenzao wanawakimbia mkekani. Ukiuliza, unaambiwa "ni watoto tu". La! Huyo anadhulumiwa. Anafedheheka kila siku na hana wa kumlalamikia. Na upele hautibiwi kwa kuogeshwa peke yake. Mpeleke kituo cha afya, mtibiwe nyumba nzima, mfue nguo na mashuka.

TATU: USO NA MIKONO KULIKO IDADI

Tunagombana juu ya mwili mzima, tunasahau sehemu ambazo maradhi hupitia. Uso mchafu, wenye tongo na kamasi, unaita nzi, na nzi huhamisha ugonjwa wa trakoma, vikope, kutoka jicho hadi jicho. Kongwa, Dodoma, ni miongoni mwa sehemu zilizojulikana kwa maradhi haya kwa miaka mingi, na kuosha uso wa mtoto ni nguzo mojawapo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuyatokomeza. Mikono nayo, baada ya choo na kabla ya kula, ndiyo kinga ya kuharisha.

Sasa niambie, ni umma gani uliofundishwa kuosha uso na mikono mara tano kwa siku? Mfundishe mwanao udhu tangu ana miaka minne, mitano, hata kabla ya kuamrishwa swala akifika saba. Kopo moja la maji linatosha.

NNE: "SHEIKH, MAJI HAKUNA"

Nalijua hilo. Mabomba yanakauka, dumu linanunuliwa. Lakini Anas (r.a.) ametupokelea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na akioga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Pishi ni ile ile tunayoijua kwenye Zakatul-Fitri. Kwa maji, haizidi sana lita tatu. Dumu la lita 20 linaogesha watoto sita kwa kipimo hicho. Basi maji yakiwa machache, tupunguze kiasi, tusiache usafi. Na yakiwa mengi, tusifanye israfu.

TANO: NANI AMWOGESHE?

Nimekuja pale nilipokuwa nakwenda. Kina baba, mbona wengi wetu ni mahodari wa kuhesabu majosho ya mtoto na hatujui beseni lake lina rangi gani? Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akaeleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na swala ikifika akitoka kwenda kuswali. Na imepokewa na Tirmidhi kwamba alitaka kumfuta kamasi Usama bin Zayd kwa mkono wake mwenyewe, mpaka Bibi Aisha akaomba alifanye yeye. Yeye ndiye mbora wa viumbe, na kamasi ya mtoto haikumshinda. Wewe na mimi ni nani?

Mama ameamka alfajiri, kachota maji, kapika, kafua, kanyonyesha. Ukirudi umekuta mtoto ana vumbi, usiulize kwa nini. Vua shati, tia maji baridi kwanza kisha ya moto, pima kwa kiwiko, mwogeshe mwanao. Usimwache peke yake ndani ya beseni hata kwa sekunde za kupokea simu, maana maji kidogo tu yanatosha kumzamisha mtoto mdogo.

Na tahadhari kubwa: mwili wa mtoto ni amana. Usimkabidhi kila mtu amwogeshe, awe jirani, awe mgeni, awe ndugu. Akianza kupambanua mambo, mfundishe aoge mwenyewe wewe ukimsimamia, na mfundishe kuwa sehemu zake za siri hazichezewi na yeyote. Dini imeamrisha watoto watenganishwe malazi wakifika miaka kumi. Basi na bafuni wajue stara mapema.

Kina mama wakwe, dada zangu, mkimwona mwali kazidiwa, msimhesabie. Mpokeeni mtoto mkononi, mumwogeshe, mwenzenu alale saa moja. Hiyo ndiyo nasaha.

Ewe Allah, tujaalie katika wake zetu na watoto wetu vitulizo vya macho. Wasafishe miili yao na nyoyo zao. Wape subira mama zetu, na sisi kina baba tupe haya ya kusaidia kabla ya kulaumu. Amin.

Ukinufaika, mfikishie na mwenzako, hasa yule baba aliyepata mtoto juzi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.