Taa zinazojiwasha zawahangaisha madereva barabarani

KWA muda mrefu, kuwasha na kuzima taa za gari ulikuwa uamuzi wa dereva peke yake. Aliona giza kwa macho yake, akazungusha swichi iliyo kando ya usukani, na kosa likitokea lilikuwa lake. Katika magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa siku hizi, uamuzi huo umehamia kwa kitambuzi kidogo cha mwanga kilichowekwa juu ya dashibodi au nyuma ya kioo cha mbele. Wapo wenye magari wasiojua hata kwamba kipo, hadi siku taa zinapokataa kuzimika.

Malalamiko ni ya kila aina. Kuna wanaoshangaa taa zikiwaka mchana peupe gari linapopita chini ya daraja. Kuna wanaotaka kuzizima wakaribiapo lango la mtaa wao lakini haziwatii. Na kuna waliopigiwa honi za hasira kwa kummulika mtu machoni, ilhali mikono yao haikugusa swichi yoyote.

Chanzo cha mengi ya haya kiko Japani, ambako ndiko hutoka sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayouzwa humu nchini. Mnamo 2016, serikali ya nchi hiyo ilibadilisha kanuni zake za usalama na kuagiza kwamba magari mapya ya abiria yawe na taa zinazojiwasha. Agizo hilo lilianza kutekelezwa Aprili 2020 kwa miundo mipya, na Oktoba 2021 kwa miundo iliyokuwa tayari ikiundwa. Kanuni yenyewe haina mzaha. Mwanga wa nje ukipungua chini ya laksi 1,000, yaani kiasi cha mwanga wa magharibi au wa siku yenye mawingu mazito, taa sharti ziwake ndani ya sekunde 2. Aidha, dereva hawezi kuzizima gari likiwa mwendoni.

Wajapani walikuwa na sababu nzuri. Magharibi, giza linapoanza kutanda, ndio wakati ambapo waenda kwa miguu wengi, hasa wazee, walikuwa wakigongwa na magari ambayo madereva wake walichelewa kuwasha taa. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, magari yaliyoundwa chini ya kanuni hiyo yanazidi kuongezeka humu nchini kila mwaka. Yanakuja na utii wake wote kwa sheria ya kwao.

Kinachosahaulika ni kwamba katika barabara za Kenya, taa hazitumiwi kuonea njia pekee. Ni lugha. Dereva humulika mara mbili kumwambia mwenzake apite. Mwenye lori huwasha kiashirio kumjulisha aliye nyuma iwapo njia ni salama. Anayetoka upande wa pili humulika kuonya kwamba polisi wako mbele, desturi ambayo wakuu wa trafiki hawaipendi lakini haijafa. Ukifika langoni usiku, unapunguza taa na kuwasha ile ya ndani ili bawabu akuone uso. Hiyo ni adabu, na pia ni usalama, kwa maana mlinzi aliyepofushwa hawezi kujua ni nani aliyeketi nyuma ya mwanga. Kwenye kizuizi cha polisi mambo ni hayo hayo, isipokuwa huko anayeweza kuifasiri vibaya ishara hiyo ana bunduki begani.

Gari lisiloijua lugha hii husema lisilokusudiwa. Mfano mzuri ni barabara iliyo chini ya Nairobi Expressway, ambayo ilifunguliwa 2022. Magari huingia kwenye kivuli cha zege na kutoka tena juani, na taa za baadhi yake huwaka ghafla. Aliye mbele akitazama kioo chake hudhani anaombwa apishe. Anayesubiri kuingia barabarani hudhani amepewa njia, na hapo ndipo mkanganyiko mdogo unapoweza kuzaa ajali.

Hata hivyo, taa kujiwasha ni tatizo dogo likilinganishwa na mfumo unaopandisha na kushusha mwanga mkali bila dereva. Katika mfumo huu, kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele hutafuta vitu viwili: taa za mbele za gari linalokuja na taa za nyuma za gari lililotangulia. Ikiviona, hushusha mwanga. Isipoviona, hukata kauli kwamba barabara ni tupu na kuupandisha.

Sasa fikiria ni nani hutumia barabara za Kenya usiku. Mwenda kwa miguu hana taa. Mkokoteni hauna taa, wala punda anayeuvuta. Bodaboda mwenye balbu iliyoungua hana tofauti na kivuli, na trela lisilo na taa za nyuma, ambalo ni jambo la kawaida mno, halionekani kwa kamera kama gari. Watu hawa wote hupokea mwanga mkali usoni kwa sababu mtambo haukufunzwa kuwahesabu. Waenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi miongoni mwa watu zaidi ya 4,000 wanaofariki kila mwaka katika ajali za barabarani nchini. Ni kweli kwamba mwanga mkali humsaidia dereva kuwaona mapema. Lakini mtu aliyepofushwa kando ya lami hajui akanyage wapi.

Vitabu vya maelezo vya watengenezaji havifichi udhaifu huu. Huonya kwamba kamera inaweza kukosea kwenye kona, kwenye vilima, wakati wa mvua, kioo kikiwa kichafu, au gari jingine likiwa halina taa. Barabara ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa ina hayo yote, na kwa masafa marefu magari ya pande mbili hutenganishwa na mstari wa rangi tu. Magari mawili yanayokaribiana, kila moja kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, hupunguza umbali kati yao kwa mita 44 katika kila sekunde. Kamera inayochelewa kwa sekunde moja baada ya kilele cha kilima imechelewa sana.

Upande wa pili wa shilingi ni taa zisizowaka zinapohitajika. Kitambuzi hupima wingi wa mwanga, hakipimi umbali ambao jicho linaweza kuona. Ukungu mweupe wa asubuhi kule Limuru, Kinale au Timboroa una mwanga wa kutosha kukifanya kiridhike, ingawa dereva haoni hata gari lililo mbele yake. Mvua kubwa ya mchana ni vivyo hivyo. Zamani dashibodi iliyokuwa na giza ilimkumbusha mtu kwamba hajawasha taa, lakini siku hizi dashibodi hung'aa wakati wote. Isitoshe, magari mengi, hasa yaliyoundwa kwa soko la Ulaya, yana taa za mchana ambazo huwaka mbele pekee. Dereva huona mwanga mbele yake akadhani mambo ni shwari, kumbe nyuma gari ni giza totoro. Canada iliona hatari hiyo, na tangu Septemba 2021 magari mapya nchini humo lazima yaiondoe, ama kwa kuwasha taa zote, za nyuma zikiwemo, ama kwa kuiacha dashibodi gizani.

Je, mipangilio hii haiwezi kubadilishwa? Mara nyingi inawezekana, kwani wepesi wa kitambuzi kuhisi giza unaweza kupunguzwa au kuongezwa. Tatizo ni kwamba maandishi ya skrini ni ya Kijapani, kitabu cha maelezo ni cha Kijapani kama hakikupotea, na fundi wa kando ya barabara hana kompyuta inayohitajika. Matokeo yake ni suluhu za kubahatisha. Kuna wanaong'oa fyuzi au kukata waya, kisha gari likakosa taa siku ya safari ya usiku. Wengine, bila kujua, huwa ndio waliojiletea balaa kwa kutandika kitambaa juu ya dashibodi na kukifunika kitambuzi, nacho kikaamini ni usiku daima. Kioo cha mbele kikivunjika na kubadilishwa bila kamera kupimwa upya, mfumo huweza kuelekea pasipo.

Kuulaumu mtambo pekee, hata hivyo, ni kuuonea. Malori yangekuwa na taa za nyuma na balbu kali zisizofaa zisingepachikwa katika taa ambazo hazikuundwa kwa ajili yake, kamera ingekosea mara chache zaidi. Ukaguzi wa kabla ya kuingiza gari nchini umezingatia sana umri na usalama wa kimsingi. Mamlaka ya NTSA na shirika la KEBS zingeweza kuwalazimisha wauzaji kuambatanisha ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili au Kiingereza kuhusu mifumo ya aina hii, na shule za udereva kuifundisha. Gharama yake ni ndogo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humwajibisha dereva, na askari hatakiandikia kitambuzi faini.

Kwa sasa mzigo uko kwa mnunuzi, ambaye aghalabu hukagua gari mchana na kusikiliza injini tu. Anafaa kumtaka muuzaji amwonyeshe jinsi ya kuzima mfumo wa mwanga mkali, ambao kwa kawaida una kitufe chake, na jinsi ya kuwasha taa za chini kwa mkono wakati wa ukungu na mvua. Kwa magari ya Japani ya baada ya 2020, aulize pia jinsi taa zinavyozimwa gari likiwa limesimama, kabla ya kufika kwenye lango lolote usiku.