Mchungaji, Nyumba Yake na Sadaka ya Riali Nane

Ijumaa asubuhi Ruwi huamka taratibu. Siku nyingine mtaa huu wa Maskati hujaa honi za teksi na watu wa mataifa mengi wakikimbilia kazini, lakini siku hii wengi wanaoonekana mapema barabarani wanakwenda ibadani. Waislamu wataelekea misikitini adhuhuri. Kabla yao wanapita Wakristo: Wahindi, Wafilipino, na kati yao Wakenya, Waganda na Watanzania, mashati yamepigwa pasi, vitenge vimefungwa sawasawa, Biblia kwapani. Wakatoliki huingia Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, lililofunguliwa mwaka 1977. Waprotestanti wana kanisa lao hapo hapo Ruwi. Ardhi ya kujenga ilitolewa na Sultan Qaboos bin Said wa Oman.

Mgeni kutoka Dodoma au Nakuru huuliza swali moja kwanza: mbona Ijumaa? Kwa sababu Oman Jumapili ni siku ya kazi. Zamani mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Tangu tarehe 1 Mei 2013 ni Ijumaa na Jumamosi. Kanisa halikugombea siku. Liliangalia saa za dereva, za nesi na za mfanyakazi wa ndani, likapanga ibada pale wanapopata nafasi.

Uongozi wa mchungaji wa Maskati unaanzia hapo, kwenye kujua muumini wake anatoka kazini saa ngapi. Wapo wanaodhani unaanzia kwenye sauti, kwenye suti, au kwenye picha kubwa ya uso wake iliyobandikwa kando ya barabara. Mtume Paulo hakuuona hivyo. Alipomwandikia Timotheo sifa za msimamizi wa kanisa, katika sura ya tatu ya waraka wa kwanza, alitaja ustahimilivu, ukarimu, kutopenda fedha na kuisimamia vema nyumba yake mwenyewe. Asiyeweza kuitunza nyumba yake, aliuliza Paulo, atalitunzaje kanisa? Uongozi, nyumba na pesa viliwekwa kapu moja tangu mwanzo. Sisi ndio tuliovitenganisha, tukampigia makofi mhubiri jukwaani bila kuuliza mkewe anakula nini wala sadaka imekwenda wapi.

Maskati ina watu waliolipa gharama ya uongozi wa aina hiyo. Mwaka 1891 alifika hapa mzee wa miaka 66, Thomas Valpy French, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Lahore. Alikuwa amekwisha kung'atuka, akaja Arabuni bila cheo wala marupurupu. Alifika Februari, na Mei 14 mwaka huo huo joto na homa vikammaliza. Kaburi lake liko kwenye ghuba ndogo kati ya majabali karibu na mji, mahali ambapo kwa miaka mingi watu walifika kwa mashua tu.

Baada yake alikuja kijana Mmarekani, Peter Zwemer wa Misheni ya Arabuni. Mwaka 1896 alikabidhiwa wavulana 18 Waafrika waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Zwemer hakuwa amefika hata miaka 30. Nyumba yake ikageuka bweni na shule kwa pamoja. Atakayetaka kumpima kiongozi huyu asianze na hotuba zake. Aanze na mambo ya nyumbani: nani alipika, nani alifua, nani aliamka usiku mtoto alipolia kwa ndoto mbaya. Zwemer mwenyewe alidhoofishwa na homa, akafariki New York mwaka 1898.

Zanzibar ilikuwa na kisa cha kufanana. Mwaka 1864 Sultan Majid alimpa Askofu Tozer wa Kianglikana wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, aliwekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1879. Miaka kumi na mitano kutoka sitaha ya jahazi hadi madhabahuni! Kiongozi huyo wa kanisa alilelewa mezani, kwenye sahani ya mtu aliyekubali nyumba yake isiwe yake peke yake.

Hata hivyo, nyumba ya mtumishi nayo ina damu na machozi yake, na haifai kufunikwa kwa sifa. Daktari Sharon Thoms wa Misheni ya Arabuni, ile ile ya Zwemer, alimpoteza mkewe Marion, naye daktari, mwaka 1905 huko Bahrain. Januari 1913, akiwa Oman, Thoms alipanda nguzo kutandaza waya wa simu, akaanguka, akafa. Mwanawe Wells alikuwa mtoto wa miaka tisa. Mtoto aliyezikiwa wazazi wote wawili Arabuni angekuwa na kila sababu ya kutotaka kuisikia tena nchi hiyo. Badala yake alisomea udaktari, akaja Mutrah, jirani na Maskati, mwaka 1939 na kutibu watu hapo hadi 1970. Wazee wa Mutrah wa kizazi hicho walimjua hospitalini.

Je, kila mtoto wa mchungaji hurudi hivyo? La. Wengi hukimbia, wakiwa wamechoka kumwona baba akiwa na dakika kwa kila mtu isipokuwa wao. Kwa hiyo kisa cha Wells Thoms kisitumiwe kumhalalishia mchungaji uzembe wa nyumbani.

Tuje kwa Maskati ya leo. Wengi wa wanaoongoza vikundi vya Waafrika Mashariki hapa si wachungaji wa kulipwa. Ni watu wa ajira: fundi umeme, mlinzi, mhasibu, nesi. Siku sita anapokea amri, siku ya saba anaombwa atoe uongozi. Mke na watoto wako Arusha au Kisumu, kwa kuwa viza ya familia hutegemea kipato, na kipato hakitoshi. Malezi yanafanyika kwa simu. Baba anamkagulia mtoto daftari la hesabu kupitia kioo cha simu, mtandao unakatika, mtoto anaendelea na mambo yake. Kisha baba huyo huyo anasimama Ijumaa kufundisha juu ya ndoa.

Anaweza kufundisha, tena vizuri kuliko wengi, ikiwa atasema kweli. Akisema kwamba umbali unauma, kwamba yeye na mkewe wamekubaliana saa maalumu ya kuongea na hairukwi hata kwa mkesha wa maombi, amewapa waumini kitu cha kushika. Akijifanya malaika, watu watamsikiliza kwa adabu, waende zao na majeraha yao.

Mbele yake wamekaa watu wanaoijua shida hii hadi kwenye mfupa. Yupo dada aliyetuma pesa ya nyumba miaka mitatu, akarudi likizo akakuta ukuta umeishia kwenye lenta, magugu yameota chumbani, na kiwanja kina jina la kaka yake. Dada wa namna hii hawakosekani popote wahamiaji wanapokutana. Mchungaji anayempa mstari wa Biblia na kumpapasa bega hajamaliza kazi. Amwambie pia afungue akaunti kwa jina lake, atumiwe picha ya kila mfuko wa saruji, na hati ya kiwanja iandikwe kwa jina lake kabla ya tofali la kwanza. Hiyo nayo ni huduma ya kichungaji, na mahali pake ni kanisani kama palivyo pa maombi.

Sasa pesa. Tuchukue mfanyakazi wa ndani anayelipwa riali 80 kwa mwezi. Riali ya Oman ni sarafu nzito, kwani imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 riali moja ni dola 2.60. Riali 80 ni kama dola 208. Fungu la kumi ni riali nane, zaidi ya shilingi 2,600 za Kenya. Ukimpa mtu wa mshahara mnono riali nane, pengine ataziacha mezani hotelini kama bahshishi. Kwa dada huyu ni siku tatu za kuamka alfajiri, kufua, kupika, kuogesha watoto wa wenyewe na kulala saa sita usiku. Wengine hata Ijumaa yao hawaipati. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2017 juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania nchini Oman na Falme za Kiarabu, waliofanyishwa kazi kupita kiasi, waliozuiliwa pasipoti, walionyimwa mishahara.

Mfuate dada huyu anapokwenda kutuma pesa. Karani wa duka la kubadilishia fedha anachukua kitambulisho chake, anahesabu noti mara mbili mbele ya macho yake, anampa risiti yenye tarehe, kiasi, jina la mpokeaji na ada iliyokatwa. Ana haki ya kurudi kesho na karatasi ile na kuuliza. Kisha anazitoa zile riali nane alizotenga. Akizitia kwenye bahasha, au akimtumia kwa simu mhubiri wa nyumbani aliyemwahidi kwamba mbegu hiyo itafungua mlango wa ndoa, anapewa nini? Anapewa neno amina.

Hili halikubaliki. Dada aliyepewa risiti dukani hastahili kunyimwa hesabu kanisani.

Atakayesema kwamba kudai hesabu ni kumkosea mtumishi wa Mungu heshima, na asome sura ya nane ya waraka wa pili kwa Wakorintho. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na akaeleza sababu waziwazi: hakutaka mtu apate la kumlaumu juu ya fedha ile. Paulo, fundi mahema aliyejilisha kwa mikono yake, alitaka mashahidi. Mchungaji wa leo asiyetaka shahidi amejiona mkubwa kuliko Paulo.

Kwa upande huu sheria ya Oman imewafaa Wakristo, hata kama haikutungwa kwa ajili yao. Ibada hufanyika mahali palipoidhinishwa, chini ya macho ya Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini. Kukusanya michango kwa umma bila kibali ni kosa. Wako wanaoyaona masharti haya kuwa kongwa, na kuhusu nafasi ya kuabudia wana hoja, maana vikundi ni vingi na kumbi hazitoshi. Lakini yamewaepusha na ugonjwa unaoyatafuna makanisa ya nyumbani: mwanasiasa mwenye mkoba anayepewa kiti cha mbele.

Kenya iliuona ugonjwa huo hadharani. Novemba 2024 Rais William Ruto alitembelea kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na halmashauri ya parokia, na milioni mbili za kujenga nyumba ya mapadre. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kuwa fedha hizo zitarudishwa. Alitaja sheria, akataja pia hatari ya kanisa kutumiwa kisiasa. Nyumba ya mapadre ilihitajika kweli. Paa lilihitajika, saruji ilihitajika. Kukataa pesa usiyoihitaji ni rahisi; yeye alikataa aliyoihitaji. Katika miaka hii ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa uongozi wa kanisa na fedha katika Afrika Mashariki.

Huenda mtu akasema alimwaibisha mgeni. Hapana. Alilinda uhuru wa mimbari. Padri anayelala kwenye nyumba iliyojengwa na mwanasiasa atapata shida kumkemea mwanasiasa huyo siku vijana wakipigwa risasi barabarani, na Kenya ya mwaka ule ilikuwa imetoka kuwazika vijana wake waliouawa kwenye maandamano.

Maskati haina harambee za wanasiasa, lakini ina vishawishi vyake vidogo. Mhazini ni shemeji wa kiongozi. Hesabu husomwa mara moja kwa mwaka, kwa haraka, watu wakitaka kuwahi gari. Mtu anafariki kazini, mchango wa kusafirisha mwili unapita kwenye simu ya mtu mmoja, na ukibaki salio hakuna anayeuliza kwa kuwa msiba bado mbichi. Mara nyingi hakuna mwizi hapo. Kuna mtu mwema aliyechoka, anayehesabu pesa za watu usiku peke yake baada ya zamu ya saa kumi na mbili. Kumwacha hivyo ni kumtega.

Wazee wa kanisa mlioko Ruwi, Ghala na Salalah, na ninyi wahubiri wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam mnaopokea pesa kutoka Ghuba, fanyeni mambo haya mwezi huu. Wahesabu sadaka wawe watatu wasio ndugu. Hesabu zibandikwe mlangoni kila mwezi, kwa Kiswahili, hadi baisa ya mwisho. Mchungaji apewe siku moja ya mkewe na wanawe ambayo hakuna mzee wa kanisa atakayempigia simu. Nawe dada wa riali nane, Ijumaa ijayo ibada ikiisha usiondoke mara moja. Mwendee mhazini, umsalimie kwa heshima, umwombe akuonyeshe daftari.