Daftari la Forodha na Wanazuoni Wake

Katika zama za Sayyid Said, forodha ya Unguja haikuwa idara ya serikali kama tuijuavyo leo, bali ilikodishwa kwa tajiri mmoja aliyemlipa mtawala kiasi kilichoafikiwa kwa mwaka, kisha akakaa pwani na makarani wake akitoza ushuru, na kilichozidi kikawa faida yake. Aliyevuma sana katika kazi hiyo ni Jairam Shivji, na miaka mingi baadaye akaja Taria Topan. Tangu mkataba wa Marekani wa mwaka 1833 ushuru wa bidhaa za Wamarekani ulikuwa asilimia 5, hesabu ambayo hata mtoto wa chuoni angeipiga kwa vidole. Lakini daftari lilikuwa la tajiri, si la dola: Sayyid alijua alicholipwa, ila kilichokusanywa alikijua mkodishaji na Mola wake, na wanahistoria waliokuja baadaye, Profesa Abdul Sheriff akiwa miongoni mwao, ilibidi watafute ukweli kwa vipande vipande katika barua na taarifa za mabalozi wa kigeni.

Nimeyakumbuka hayo kwa ajili ya kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwanafunzi wa biashara ya kimataifa, aliyetaka kutazama hati za kadhia, yaani matamko ya forodha, za vitenge vilivyoshushwa bandarini Dar es Salaam kwa miaka mitatu, tena bila ya majina ya wenye mali. Ofisi ya kwanza ilimtaka barua ya chuo, ya pili ikamtaka barua ya ile ya kwanza, ya tatu, ambayo sitaitaja, ilimpokea kwa taadhima, ikamkalisha kitini, kisha ikamwuliza, “Mwanangu, takwimu hizi hasa unazitakia nini?” Akatoka mikono mitupu, na bahasha yake imejaa mihuri.

Swali lile si baya, na lina jawabu. Mwaka 2004 Raymond Fisman na Shang-Jin Wei walichapisha utafiti ambao ndani yake waliziweka kando kwa kando hesabu mbili: bidhaa ambazo Hong Kong iliandika kuwa imezipeleka China, na bidhaa zilezile kama China ilivyoandika kuwa imezipokea. Hesabu hazikulingana, na kutolingana kwake kulikuwa na mpango, maana kila ushuru ulipozidi kwa pointi moja ya asilimia, ukwepaji ulizidi kwa kiasi cha asilimia 3, na bidhaa ya ushuru mkubwa ikawa yabadilishwa jina njiani, ikaitwa nduguye wa ushuru mdogo. Hawakumkamata mtu, wala hawakupekua kontena hata moja. Walisoma madaftari tu.

Bandarini Maputo, Msumbiji, Sandra Sequeira na wenziwe walikwenda mbali zaidi, kwani watafiti waliandamana na mawakala wa kugomboa mizigo, karatasi ikitoka mkono huu kwenda mkono ule, wakaandika kila mlungula uliotolewa, kwa nani na kwa kusudi gani. Na ushuru wa bidhaa za Afrika Kusini ulipopunguzwa mwaka 2008, mlungula nao ukapungua sana, kwa kuwa kilichokuwa kikinunuliwa kwa fedha ile ni kuukwepa ushuru wenyewe. Huko Douala, Kameruni, Thomas Cantens, ambaye ni mtu wa forodha na mwanaanthropolojia kwa pamoja, aliishauri idara iwapime wakaguzi wake kwa takwimu zilizokuwa zimelala ndani ya kompyuta zao wenyewe. Naona hilo ndilo tamu kuliko yote, kwani hapakuhitajiwa mashine mpya wala mkopo, ila mtu aliyeruhusiwa kusoma.

Walakini nisiwapambe wanazuoni kupita kiasi. Wako wanaoandika juu ya bandari ambayo hawajapata kukanyaga gati lake. Mtu wa namna hiyo hulinganisha hesabu za nje na zetu, akaona pengo, akapiga kelele ya wizi, ilhali kontena la vitenge lililoshushwa Dar es Salaam huenda ni mali ya mfanyabiashara wa Lubumbashi, Kongo, na halikupata kuwa letu hata siku moja. Tena muuzaji huandika bei ya mali ilipopakiwa melini, nasi tunaitoza pamoja na nauli na bima, hivyo tofauti ya bei yaweza kuufunika wizi uliopo, kama mizigo ya kupita iwezavyo kuzua wizi usiokuwapo. Mambo haya karani wa forodha huyajua kwa mazoea, na asiyeketi naye hayajui.

Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels, liliutambua upungufu huo na mwaka 2006 likaanzisha mpango uitwao PICARD wa kuwakutanisha maofisa na vyuo vikuu. Nasi tunacho Chuo cha Kodi Dar es Salaam, na majirani zetu wa Kenya wana chuo chao cha mapato. Wanafunzi hujifunza humo kuainisha bidhaa na kukadiria thamani, na ni elimu ya maana. Ninachokiona ni kwamba tunamfundisha mtu kulijaza daftari vizuri, kisha tunamkataza kulisoma.

Huambiwa kuwa siri ya mfanyabiashara ni amana. Naafiki, na amana hiyo huhifadhika kwa kulifuta jina la mwenye mali na nambari yake ya mlipakodi, na kuweka alama isiyomtambulisha, kazi ambayo fundi wa kompyuta huimaliza kwa siku chache. Na mtafiti akatie saini ahadi, akasomee ndani ya jengo la forodha, mbele ya karani atakayemwonya asije akayahesabu mali yetu makontena ya watu wa Kongo.

Kijana wetu amekwisha kupata shahada yake. Nimeisoma tasnifu yake, na imeandikwa vyema. Sura ya nne, iliyokusudiwa kuhusu bandari ya Dar es Salaam, inahusu Maputo.