Kiini cha njano si hati ya kienyeji

Kwa wanunuzi wengi wa mayai jijini Mwanza, kiini ndicho hakimu. Kikiwa cha njano iliyokolea, yai huitwa la kienyeji na bei hupanda. Kikipauka, ni la kisasa na mapatano huanzia chini. Kipimo hiki ni kibovu, na kinawagharimu wafanyabiashara fedha.

Rangi ya kiini hutokana na chakula, si ukoo wa kuku. Majani yana rangi ziitwazo karotenoidi, ambazo mwili wa kuku hauwezi kuzitengeneza. Kuku anayezurura Nyegezi au Igombe huzidonoa bure. Yule wa bandani hula mahindi meupe, pumba na dagaa wa ziwani. Hutaga vizuri (dagaa wakizidi, yai hunuka samaki), ila njano haipo. Marekani kuku wa mabanda makubwa hulishwa mahindi ya njano, yale ambayo Watanzania waliyabandika jina la "Yanga" yalipoletwa wakati wa upungufu wa chakula, na mayai yao ni ya njano bila kuku kukanyaga nyasi. Kwa protini, yai la njano halimzidi mwenzake aliyepauka.

Hivyo mfugaji wa kuku wa kisasa akiwatupia mchicha kila siku, baada ya wiki mbili hivi kiini kitakuwa kimebadilika. Si kosa, ni ufugaji mzuri. Kosa ni kuliita yai hilo la kienyeji. Mchuuzi anayelipa nyongeza kwa kutazama kiini tu amenunua mchicha kwa bei ghali.

Hatari kubwa zaidi kwa Kanda ya Ziwa ni mashudu ya pamba, zao la Usukumani. Mfugaji anayetafuta protini ya karibu huyakimbilia, lakini yana sumu iitwayo gosipoli. Yakizidi kwenye chakula, kiini hugeuka rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na ubaya wake ni kwamba rangi hiyo huzidi yai linapokaa ghalani. Trei iliyoonekana safi bandani yaweza kumuaibisha mwenye duka Ukerewe siku kadhaa baadaye, na hasara ikabaki kwake, kwani mfugaji ameshalipwa.

Mnunuzi wa jumla afike bandani, afungue gunia la chakula na kuuliza kilichomo kabla ya kuvunja yai lolote. Mashudu ya alizeti hayana gosipoli. Alizeti inalimwa kwa wingi Singida, ingawa nauli ya lori hadi Mwanza nayo itaingia kwenye bei ya trei.