Vyeti tunavyo, tulichofunzwa tumekisahau

Mwaka jana moto ulizuka ghalani katika kampuni ninayofanyia kazi. Ulikuwa moto mdogo wa maboksi, na mtungi wa kuzimia ulikuwa papo hapo ukutani. Mwenzangu aliuteremsha, akanigeukia: "Ndugu yangu, mtungi huu wafunguliwa vipi?" Wallahi sikukumbuka. Sote wawili tulikuwa na vyeti vya kuzima moto, tulivyopewa miezi saba tu kabla ya siku hiyo.

Aliyetuokoa ni bawabu. Akaunyakua mtungi, akachomoa pini, akalenga chini kwenye shina la moto na kupeperusha dawa huku na huku mpaka ukazima. Yeye hakualikwa kwenye mafunzo yale. Ila kila Jumatatu kazi yake ni kuizungukia mitungi yote, atazame mshale wa presha na kuigusa ile pini.

Wakubwa wetu wana jawabu jepesi: wafanyakazi huenda semina kwa ajili ya posho na sambusa za saa nne. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini mimi siku ile nilisikiliza na nikaandika. Mbona nilisahau?

Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi orodha za silabi, kisha akapima ni juhudi kiasi gani angeokoa akizihifadhi tena. Baada ya saa 1, zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imepotea. Baada ya siku 1, kama thuluthi mbili. Kweli, silabi zake hazikuwa na maana yoyote, na jambo lenye maana hukaa zaidi kichwani. Lakini mkondo ni ule ule: usahaulifu huja mbio siku za mwanzo, kisha hupunguza mwendo.

Sisi tuliosoma chuoni tulilijua hili bila ya kumsoma Mjerumani. Maalimu hakukupa aya mpya mpaka umsomee ya jana, tena bila ya kutazama. Sura za juzuu Amma nilizohifadhi nikiwa na miaka minane ninazo mpaka leo, kwa kuwa nilizidurusu na bado nazisoma katika sala. Hata utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 uliunga mkono mtindo wa maalimu: baada ya wiki moja, wanafunzi waliojaribu kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi kuliko waliokisoma tena na tena.

Sasa tazama mafunzo yetu ya kazini. Siku tatu hotelini, mada kumi na mbili, picha ukutani, cheti, kwaheri. Jumatatu kazi zimerundikana mezani na hapana anayeuliza ulijifunza nini. Nimemuona karani akifunzwa programu ya kompyuta ambayo ofisini kwake haijawekwa. Ilipowekwa, miezi kadhaa baadaye, ilibidi aanze alifu kwa ujiti. Mwengine alirudi na utaratibu mzuri wa kupanga faili, mkuu wake akamwambia: "Hayo ya semina yaache huko huko." Huyo hakusahau, alisahaulishwa.

Na hii si hasara ndogo. Hapa Kenya mwajiri hutakiwa kulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, unaosimamiwa na mamlaka ya NITA. Kampuni ya watu 100 hutoa shilingi 60,000 kwa mwaka, kabla ya kulipia ukumbi, mkufunzi na posho. Juu ya fedha kuna roho za watu. Muuguzi, nahodha wa boti na mpishi wa hoteli wote hufunzwa mambo ambayo siku wakiyasahau, mtu aweza kufa.

Dawa yake haina gharama kubwa. Mkuu wa zamu atenge dakika kumi siku ya pili, wiki ya pili na mwezi wa pili baada ya mafunzo. Asitusomeshe upya. Atuulize, na tuoneshe kwa mikono. Mada zipunguzwe, na mtu afunzwe jambo karibu na siku atakayolitumia. Aliyerudi kutoka semina awafunze wenziwe, maana anayefundisha hudurusu mara mbili. Na bajeti inapopangwa, swali lisiwe wangapi wamehudhuria, bali wangapi bado wanaweza baada ya miezi mitatu.

Mimi na mwenzangu tumeanza. Jumatatu hii tulimfuata bawabu katika mzunguko wake. Alitupa mtungi mtupu, akasimama kando na mikono nyuma kama maalimu wangu wa zamani, akasema: "Haya, nioneshani."