Fedha mbele, mali nyuma: Tahadhari kwa wanaoagiza bidhaa ng'ambo

MSIMU wa korosho unapokwisha na malipo ya minada kuwafikia wakulima, fedha huzunguka mkoani Mtwara, tangu Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mlango wa Mto Ruvuma. Siku hizi sehemu ya fedha hizo haiishii sokoni. Hutumwa ng'ambo kwa wauzaji wa jumla wanaotangaza katika intaneti mashine za boti, nyavu, paneli za sola na vipuri vya pikipiki. Wapo wanaopokea mali yao salama. Wapo pia ambao hawapati ila picha, kisha simu haipokelewi tena.

Ndugu msomaji, swali la kwanza ni la kisheria: je, inafaa kulipia mali ambayo hatujaiona? Mtume Muhammad (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya mavuno, kwa mwaka mmoja hata miwili. Hakuwakataza, bali aliwawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Muamala huu huitwa salam. Wanavyuoni wakafafanua kuwa sifa za bidhaa zielezwe kwa namna isiyoacha mzozo, na mahali pa kukabidhiana pajulikane. Basi kutanguliza fedha si kosa. Kosa ni kuzitanguliza gizani, na hapo ndipo inapoingia gharar iliyokatazwa.

Wana-Mtwara wanao mfano wa jambo hili nyumbani kwao. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zao huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mnunuzi wa kigeni haridhiki na sifa za mdomoni. Hununua mzigo uliopimwa, uliopangwa daraja na kuandikiwa stakabadhi. Muuzaji naye haachii mzigo kwa ahadi. Januari 2019 Serikali ilitia saini mkataba wa kuuza tani 100,000 za korosho kwa kampuni ya Indo Power Solutions ya Kenya. Fedha hazikuja, na mwezi wa Mei mwaka huo mkataba ukavunjwa. Tukio hilo lilitufundisha kuwa saini si malipo. Ajabu ni kwamba fedha zilizopatikana kwa uangalifu wote huo hutumwa ng'ambo kwa mtu asiyejulikana, bila ya kipimo wala stakabadhi.

Wengine hutegemea alama ya sifa iliyo kando ya jina la muuzaji. Februari 2011 soko la Alibaba la China lilitangaza kuwa wauzaji 2,326 waliokuwa wamelipia alama ya juu walihusika na udanganyifu katika miaka ya 2009 na 2010, na kwamba takribani wafanyakazi 100 wa kampuni yenyewe walikuwa na mkono katika jambo hilo. Mkurugenzi wake mtendaji alijiuzulu. Baadaye soko hilo liliweka utaratibu wa kulinda malipo ya mnunuzi, lakini ulinzi huo ni kwa malipo yanayopitia ndani ya soko lenyewe tu. Ndiyo maana tapeli humtaka mnunuzi watoke humo, wazungumze kwa WhatsApp, na alipe katika akaunti ya mtu binafsi ili apunguziwe bei. Punguzo hilo ndilo chambo.

Tukiyarudia masharti ya salam, tutaona kuwa ndiyo kinga yetu. Kwanza, muuzaji ajulikane. Kampuni ya China huwa na leseni yenye namba ya tarakimu na herufi 18. Jina lililo katika leseni lilingane na jina la akaunti ya benki. Ikija barua pepe kuwa akaunti imebadilika, tusilipe kabla ya kumpigia muuzaji kwa namba tuliyoijua tangu mwanzo. Pili, bidhaa ijulikane. Tuagize sampuli, kisha tumlipe mkaguzi huru aukague mzigo kabla haujapakiwa. Tatu, muda na mahali viandikwe. Namba ya kontena tuitafute katika tovuti ya kampuni ya meli, si katika anwani tuliyotumiwa na muuzaji.

Huenda msomaji akauliza kuhusu kulipa sehemu kwanza na kumalizia baada ya ukaguzi, ilhali katika salam thamani yote hutangulizwa. Bidhaa inayotengenezwa kwa kuagizwa ina mlango wake, nao ni istisna'. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, lilipitisha kuwa thamani yake yaweza kucheleweshwa au kulipwa kwa mafungu. Basi anayebakiza fungu kubwa mkononi hadi mzigo ukaguliwe hajatoka katika sheria.

Limebaki jambo zito zaidi. Mara nyingi anayeagiza hukusanya fedha za wenzake: jirani, shemeji, kikundi cha akina mama. Huyo ni wakili, na fedha zile ni amana. Kisheria wakili halipi kilichopotea pasipo uzembe wake. Lakini aliyetuma fedha za watu kwa mtu asiyemchunguza, kwa kuvutwa na bei, amezembea, na neno "nimetapeliwa" halimwondolei deni. Tapeli atabeba dhambi yake. Wakili naye atabaki na haki za watu shingoni.

Kwa hiyo kila aliyetoa fedha zake aandikiwe kiasi chake na aoneshwe mkataba kabla fedha hazijatumwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na aliyekwisha dhulumiwa asifiche kwa aibu: aende benki na polisi siku hiyo hiyo, huku akihifadhi kila ujumbe, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo. Kisha awaonye wenzake, kwani ukimya wake ndio mtaji wa tapeli.

Wabillahi Tawfiq.