Usiniulize Nimepunguza Kilo Ngapi

Watu wangu, kabla sijaanza wacha niungame. Mwaka jana niliposti ile changamoto ya siku 30 ya kupunguza tumbo. Nilifika siku ya sita. Video za siku ya saba hadi ya kumi nilizirekodi jioni moja hapa nyumbani Kitale, nikibadilisha tisheti tu. Mkanipongeza, nikanyamaza.

Si uvivu peke yake. Ukipiga pushapu chumbani, hakuna anayejua umeacha. Tangu karo inishinde nikatoka chuo huko Bungoma, maisha yangu ni kiti, simu na kuhariri video hadi saa nane usiku. Hakuna mtu huita jina langu asubuhi aone kama nimefika. Nikawa nikipanda ghorofa ya tatu nahema kama niliyefukuzwa na mbwa.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kama unatafuta afya, nenda mahali mtu atagundua haupo. Na kwa hilo sijaona kitu kinashinda taekwondo, ama karate, ama judo, ile iko karibu na wewe.

Siku ya kwanza nilipangwa na mtoto wa Gredi ya 4, mkanda wa njano. Nikarusha teke kama mtu anafukuza kuku. Akaniangalia kwa huruma: "Anko, inua goti kwanza, ndio uzungushe kiuno." Kumbe siri iko hapo. Goti juu, mguu uliosimama unageuka, nyonga inasukuma, unyayo unafika mwisho. Rudia mara 30 kila mguu uone kama tumbo litakusahau. Pambano lenyewe ni raundi za dakika 2, na dakika 2 ni kitu kidogo mpaka mtu mwingine awe anakujia. Na Kitale tuko juu, karibu mita 1,900, hewa yenyewe tunagawana.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Sisi hukutana mara tatu, saa moja kila mara. Piga hesabu. Ukikosa Jumanne, Alhamisi yule mtoto anakuuliza mbele ya watu wote ulikuwa wapi. Hilo swali limenitoa kitandani kuliko video yoyote ya motisha, zangu zikiwemo.

Wengine mnasema ati hii ni mambo ya sinema. Faith Ogallo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, hapo hapo Bungoma, alipofuzu kule Rabat Februari 2020 kwenda Olimpiki ya Tokyo. Alicheza taekwondo, uzito wa zaidi ya kilo 67. Hebu soma hiyo tena. Zaidi ya. Hakuna aliyemwambia akonde kwanza ndio aje. Kuna nafasi ya mtu mkubwa, na hiyo ndiyo sababu swali la kilo linanichosha.

Sitawadanganya ati ni bure. Kuna ada ya mwezi, kuna sare, na mtihani wa mkanda unalipiwa. Hapo ndipo mimi hujikunja. Miezi minane sasa na bado mkanda wangu ni mweupe, kwa sababu kocha akitaja mtihani na ada kwa sentensi moja, mwili wangu unakumbuka chuo. Nimekwepa mara mbili. Lakini ghorofa ya tatu siku hizi napanda nikiongea na simu. (Mwizi mwenye panga akitokea, bado nitakimbia, na wewe pia kimbia. Mapafu ndiyo silaha.)

Mtihani unaofuata ni Desemba. Yule mtoto anaenda kutafuta mkanda wa kijani. Ameniuliza kama tutaenda pamoja, nikamwambia nitaona. Jumamosi nawarekodia mazoezi yangu, mara moja, tisheti moja.